Msonobari Uliobaki Urusi

Baba mkwe wangu Elmar alikufa Jumanne asubuhi akibishana na redio. Mtangazaji alisema mvua itanyesha, Elmar akasema hainyeshi, akainuka kwenda dirishani kuhakikisha, akaanguka. Mvua ikanyesha. Mama mkwe, Salme, alimfumba macho, akamnyoosha miguu, kisha akaizima redio.

"Haya," akasema, "angalau hii moja ameshindwa."

Msidhani hakumpenda. Au dhanini mpendavyo, maana hata sisi wa ndani tulikuwa hatujui. Kwa muda wote niliokaa nao sikuwahi kuwasikia wakikubaliana juu ya jambo lolote, isipokuwa kwamba mimi natia chumvi nyingi kwenye supu. Mimi ni Nasta, mke wa Urmas, mwana wao wa pekee. Mimi ni wa kabila la Seto, watu wa Kiothodoksi, mzaliwa wa hapahapa mpakani mwa Estonia. Wao ni Walutheri, ukoo wao ulihamia huku kutoka mji wa Räpina, na makaburi yao yako hukohuko Räpina hadi leo, kwa sababu Mlutheri hata akihamia mwezini lazima arudishwe kwenye shamba la mawe la babu yake.

Jeneza lilikuwa bado liko kwa fundi Salme alipotukusanya mezani. Aliweka mikono yote miwili juu ya kitambaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Msalaba utachongwa kwenye mti wetu," akasema. "Uleule wa siku zote."

Urmas alikohoa. Baba mdogo Villu, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa amefika kutoka Tartu na viatu vyake vya mjini, aliweka kijiko chini taratibu.

"Shemeji," akasema, "mti wenu uko Urusi."

"Mti uko palepale ulipokuwa. Urusi ndiyo iliyoufuata."

Hapo alikuwa na haki, ingawa haki hiyo haijawahi kumsaidia mtu. Mila ya ukoo wao ni hii: maiti ikipelekwa makaburini, msafara husimama njiani kwenye mti mmoja, ndugu wa kiume akachonga msalaba kwenye gome, watu wakanywa kidogo, wakaendelea. Marehemu akishikwa na hamu ya kurudi nyumbani, atafika mpaka kwenye ule mti, atauona msalaba wake, atakumbuka kwamba amekufa, na atageuza. Bila msalaba anapitiliza mpaka jikoni. Sisi watu wa Seto tunawafuata wafu wetu makaburini na vikapu vya chakula, tunatandika kitambaa, tunakula nao. Wenzetu hawa wanawafungia njia. Kila mtu na jamaa zake, mimi siingilii.

Mti wa ukoo ni msonobari mnene kando ya barabara iendayo Räpina. Una msalaba wa baba yake Elmar, wa mama yake na wa kaka yake mkubwa. Siku hizo mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani ya ofisi fulani, haukumzuia hata kuku. Kisha lile dola kubwa likavunjika, nchi yetu ikarudi kuwa nchi, tukaimba, tukalia, tukapeperusha bendera, na kulipokucha tukagundua kwamba kipande cha barabara yetu ni mali ya jirani. Kwenye ramani kina umbo la buti lililokanyaga lami. Ndiyo maana wanakiita Buti la Saatse. Wapo wanaosema aliyeuchora mpaka ule alikuwa mlevi. Wanawasingizia walevi. Mlevi angalau hufuata barabara.

Sheria za Buti ni rahisi. Unapita na gari bila pasipoti, bila viza, bila kuulizwa jina. Ila ni marufuku kusimama, na ni marufuku kutembea kwa miguu. Ukishuka kujisaidia, umevamia taifa. Watalii hutoka Tallinn kuja kupita tu, wakapiga picha za miti kupitia dirishani, miti inayofanana kabisa na ile iliyo kabla yake na ile iliyo baada yake. Simu zetu zikiingia pale hulia zote kwa pamoja kutukaribisha Urusi. Kabla hujamaliza kusoma, zinalia tena kukukaribisha Estonia. Mimi nikienda kununua mkate nimekaribishwa Urusi mara nyingi kuliko balozi.

"Chagueni msonobari mwingine," Villu alisema. "Misonobari imejaa mpaka Räpina. Misonobari ndiyo kitu pekee tulicho nacho!"

"Akiufikia mti asioujua, atausoma?" Salme akamuuliza. "Elmar huyu? Huyu alikuwa hasomi hata kibao cha mbwa mkali. Ule ndio mti aliouheshimu. Msalaba wa mama yake aliuchonga mwenyewe, na wa kaka yake. Mwingine wowote ataubishia, halafu atapita."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani..." Urmas alianza.

"Ya zamani? Basi akirudi atalala chumbani kwako. Nitamkuta jikoni ananiuliza kwa nini nimehamisha kisu cha mkate. Kiapo chetu kanisani kilisema mpaka kifo. Hakikusema na baada yake. Mimi nimetimiza sehemu yangu, sasa nataka kupumzika."

"Tuombe kibali basi," Villu akasema. "Tuandike kwa wakubwa, upande wetu na upande wao."

"Kibali kinachukua muda gani?"

"Miezi, labda."

"Elmar hatangoja miezi," Salme akasema. "Ni Novemba, lakini baridi haijafikia kiwango hicho."

Salme akakata kipande cha mkate, akakipaka siagi, akakila chote huku tukimtazama. Kisha akajipangusa midomo.

"Sheria inakataza kusimama," akasema. "Haikatazi kuchonga."

Hivyo ndivyo siku ya mazishi tulivyojikuta ndani ya gari la kubebea viazi la Urmas, mlango wa ubavuni ukiwa wazi na upepo ukitupiga mashavu. Wageni wengine tuliwaambia watangulie Räpina, kwa mchungaji, kwa sababu aibu ni nzuri ikiwa ya watu wachache. Urmas alikuwa kwenye usukani. Nyuma kulikuwa na Elmar kwenye jeneza lake, Salme kwenye kigoda kando yake, na Villu amesimama mlangoni na shoka. Mimi nilikuwa nimemshika Villu mkanda, kwa kuwa mimi ndiye mzito kuliko wote, jambo ambalo Salme alilitangaza bila kuulizwa.

Mapajani Salme alikuwa na jozi ya glavu nene za sufu alizofuma mwenyewe. Ni malipo ya mchongaji, nayo ni sehemu ya mila. Msalaba usiolipiwa haumzuii mtu, alituambia. Marehemu anapita na kurudi apendavyo, kama barabara haina mwenyewe.

"Ulishawahi kutumia shoka, baba mdogo?" nikamuuliza Villu.

"Jeshini nilipasua kuni za kambi nzima."

"Ukiwa kwenye gari linalotembea?"

Simu zikalia zote. Tulikuwa tumeingia Urusi.

Urmas alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Mti ukaonekana upande wetu wa kulia, na misalaba mitatu ikionekana vizuri kabisa, imekwisha kuingia kwenye gome na kuvimba kando. Villu akanyanyua shoka, akangoja, akapiga. Nilisikia "ko!" halafu nikasikia kimya cha mtu ambaye mikono yake ni mitupu.

"Limenasa," Villu akasema.

"Limenasa wapi?" Urmas akapaza sauti kutoka mbele.

"Urusi!"

Nilicheka. Nisamehewe, baba mkwe alikuwa amelala pale miguuni pangu, lakini nilicheka mpaka nikakaribia kuuachia ule mkanda. Salme hakucheka. Tulipotoka nje ya Buti, kwenye kituo cha basi cha Lutepää, alipiga ubao wa gari kwa ngumi.

"Geuza."

"Mama, unamrudisha maiti nyumbani?"

"Hajavuka bado. Msalaba haujachongwa, hakuna alichovuka. Geuza, Urmas!"

Urmas akageuza. Tukaingia tena Urusi, simu zikatukaribisha, tukaliona shoka limesimama kwenye mti kama tumelitundika makusudi, tukatoka upande wa nyumbani, simu zikatukaribisha tena. Villu akapendekeza tutumie kisu cha mkate. Nikamwambia kikibaki na chenyewe kwenye mti tutakosa cha kukatia nyama ya matanga. Tukageuza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: tuliporudi pale, kwenye mti kulikuwa na gari la walinzi wa mpaka.

Mmoja alikuwa amebaki ndani, akivuta sigara na kutazama upande wa pili, ambako hakukuwa na matatizo. Mwingine, kijana mwenye masikio mekundu kwa baridi, alikuwa amesimama mbele ya shoka akilitazama bila kuligusa.

"Shoka la nani hili?" akapaza sauti kwa Kirusi tulipokuwa tunapita.

"Si letu!" Villu akajibu.

"Ni letu!" Salme akajibu.

Tukawa tumepita. Huwezi kusimama kujieleza mahali ambapo kusimama ndilo kosa. Tukaenda mpaka Lutepää, tukageuza, na safari hii mti ulikuwa upande wa dereva, kwa hiyo ikawa zamu ya Urmas. Kijana alikuwa amesogea karibu na lami na kunyoosha mkono juu.

"Simameni!" akasema.

"Hairuhusiwi kusimama!" Urmas akamjibu kupitia dirishani, kwa adabu zote.

Nilimwangalia yule kijana kupitia kioo cha nyuma. Mkono ulikuwa bado uko juu. Akakitazama kibao cha kukataza kusimama, akautazama mkono wake, kisha akaushusha. Sijawahi kuona serikali ikifikiri, lakini nadhani huwa inafanana na vile.

Kuanzia hapo yakawa mazungumzo. Polepole, sentensi moja kila tukipita, lakini niliyasikia ya mikutano mikubwa yakienda polepole zaidi na yakizaa kidogo zaidi.

"Mmebeba nini humo?" aliuliza tulipopita kwenda.

"Mume wangu!" Salme akajibu.

"Kwa nini hashuki kuja kulichukua shoka lake?" akauliza tulipopita kurudi.

"Amekufa!" Urmas akajibu.

Tulipopita tena alikuwa ameivua kofia. Salme alikuwa amesogea mpaka mlangoni, amemshika Villu bega, akaunyooshea mti kidole.

"Wa juu ni baba yake! Wa kati mama yake! Ule mwingine kaka yake! Na yeye tumchongee wa kwake!"

"Wa nini?" kijana akauliza, akitembea kando ya gari hatua chache ili asikie jibu.

"Asirudi nyumbani kunisumbua!"

Kijana alicheka. Kisha, gari likiwa linamwacha, akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote: "Kwani alikuwa mume mbaya?"

Na tukawa tumepita. Tukaenda mpaka kituo cha basi, Urmas akakata kona, mashine ikanguruma, tukarudi, tukapita upande ambao si wetu, tukaenda mpaka njia ya kwetu, akakata kona tena. Mtu akiulizwa swali kama lile mezani hujibu harakaharaka na kuchukua kiazi kingine. Salme alikuwa amepewa swali pamoja na safari nzima ya kulifikiria. Alikaa kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya kifuniko cha jeneza kulizuia lisiteleze, ingawa Urmas alikuwa amelifunga kwa kamba na lisingeteleza hata kidogo.

Tulipoukaribia mti akasimama.

"Alikuwa mbishi!" akapaza sauti. "Mbishi tu!"

Kijana akaitikia kwa kichwa, kana kwamba na yeye anao wa aina hiyo kwao. Akautia mguu kwenye shina la mti, akalinyofoa shoka, akaligeukia gari la mkubwa wake. Mkubwa akafunga dirisha. Inaonekana huko kwao hiyo ndiyo namna ya kutoa kibali, na ninakiri ni ya haraka kuliko ya kwetu.

"Yeye anaruhusiwa kusimama," Villu akasema taratibu, kama mtu aliyegundua moto.

Tuliporudi alikuwa amevua koti na anachonga, vipande vya gome vinaruka. Simu ya Urmas ikalia. Alikuwa mchungaji, anauliza kama tumepotea. Urmas akamwambia hatujapotea, tuko Urusi, yaani Estonia, yaani subiri kidogo, na mawasiliano yakakatika. Tukageuza pale, tukageuza huku. Tulipopita tena kuelekea nyumbani, msalaba ulikuwa umekwisha. Ulikuwa mzuri, mweupe, unatoa utomvu. Na chini yake, kijana wa watu alikuwa ameongeza kile kipande cha mshazari, kama tunavyochora sisi Waothodoksi.

"Kakosea!" Villu alilia. "Huo si wetu! Huo ni wa kina Nasta!"

"Pole sana, baba mdogo," nikasema. Nilifurahi kupita kiasi, nasema kweli. Elmar alinitania kwa kile kipande cha mshazari tangu siku ya harusi. Alikuwa akisema sisi tunachora misalaba kama watu wanaojenga ngazi bila vipimo. Sasa akaisome ngazi hiyo milele.

"Mwacheni," Salme akasema. "Ataupinga kwanza. Lakini atasimama kuupinga, na akisimama nimeshinda."

Kwa hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kupita mara ya mwisho, kumlipa kijana glavu zake, na kwenda zetu Räpina ambako mchungaji alikuwa anaganda. Urmas akageuza upande wa nyumbani, akanyoosha gari. Kijana alikuwa amesimama kando ya mti ameegemea shoka, masikio yanawaka. Salme akasogea mlangoni, akarusha. Kijana akadaka, akatazama, akainua juu.

Ilikuwa glavu moja.

"Nyingine imeniteleza," Salme akasema. "Iko hapa chini mahali. Geuza, Urmas, hajalipwa."

Urmas alitoa neno ambalo mtoto hatakiwi kulitoa mbele ya jeneza la baba yake, lakini akageuza. Tukarudi mpaka njia ya nyumbani, akanyoosha tena. Kijana alikuwa ameivaa ile moja na anatupungia kwa mkono huohuo. Salme alikuwa mlangoni na glavu ya pili mkononi. Tukaufikia mti. Tukaupita mti. Glavu ilikuwa bado iko mkononi mwake.

"Nimechelewa," akasema. "Gari linakwenda mbio."

"Mama, mtoto anayejifunza kutambaa angetupita!" Urmas akasema.

"Nimesema nimechelewa! Geuza!"

Mimi na ulimi wangu mrefu nilikuwa tayari kusema jambo. Nilikuwa na baridi, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kwenye mkanda wa Villu, na supu ya matanga niliiacha jikoni kwa dada yangu ambaye chumvi kwake ni kama dhahabu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nilipomwona amekaa, ameiingiza ile glavu ndani ya mkono wa koti lake, ndani kabisa, kama anavyoficha mtu peremende asiombwe. Nikakumbuka alivyosema mwenyewe: msalaba usiolipiwa haumzuii mtu, marehemu anapita na kurudi apendavyo. Elmar alikuwa amepita na kurudi asubuhi nzima.

Tukatoka upande wa nyumbani. Kutoka pale, kukiwa hakuna ukungu, unaliona bomba la moshi la nyumba yetu. Urmas akaanza kukata kona.

"Subiri," nikamwambia. "Hapa ni Estonia. Hapa tunaruhusiwa kusimama."

Akasimamisha, akazima mashine. Villu akanitazama, nikamwonyesha kwa macho atoke nje akavute sigara, naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaelewa jambo bila kupingana nalo.

"Mama," nikasema.

"Nini wewe?"

"Glavu iko kwenye mkono wa koti."

Hakuona haya. Salme si mtu wa kuona haya. Alitazama nje, kule kwenye bomba la moshi.

"Sitaki aende," akasema. "Haya, nimesema. Kacheke."

Sikucheka.

"Nilimwambia aondoke kila siku ya Mungu," akasema. "Toka jikoni, toka njiani, toka kwenye kiti changu. Hakutoka hata siku moja, yule mzee mkaidi. Sikio la kufa. Nilidhani na safari hii atakataa." Akaweka mkono juu ya jeneza. "Usiku wa jana nilikihamisha kisu cha mkate. Nilikiweka pasipo pake, makusudi."

Nilifikiria kumwambia mila za kwetu ni bora, kwamba sisi hatuwafungii njia, kwamba wakati wa kiangazi tungekwenda Räpina na kikapu na kitambaa tukakaa naye. Lakini haikuwa saa ya kushindana nani anazika vizuri. Nikamwambia jambo moja tu.

"Tukitaka, tunamrudisha nyumbani. Urmas hatakataa. Tuseme barabara ilifungwa. Hakuna atakayeshangaa, hii ni barabara ya kufungwa."

Alilifikiria. Naapa alilifikiria kwelikweli, nilimwona akipima ngazi za mlangoni na upana wa jeneza. Kisha akatikisa kichwa.

"Mchungaji atashikwa na mafua," akasema. "Na yule mtoto ana mkono mmoja wa baridi."

Nikampigia Urmas ubao. Villu akapanda, nikamshika mkanda ingawa hakuwa tena na shoka wala sababu ya kushikwa. Tukaingia Buti taratibu. Kijana alipotuona akasimama wima, kofia chini ya kwapa, mkono wa kushoto ndani ya glavu na wa kulia umeshika shoka letu kwa mpini, tayari kuturudishia. Salme akaitoa ile nyingine kwenye mkono wa koti. Aliinyoosha kidole gumba kilichokuwa kimejikunja, akaipangusa unyuzi.

"Urmas," akasema, "nenda polepole."

"Nikipunguza zaidi nitasimama, Mama."

"Basi usisimame."

Tukafika. Kijana alitembea kando yetu hatua mbili tatu, akaliweka shoka sakafuni karibu na miguu ya Villu. Salme aliinama, na hakuirusha ile glavu. Aliivisha kwenye mkono mtupu wa kijana, akaivuta mpaka kwenye kifundo, kisha akamwachia. Mti ukatupita upande wa kulia, baba, mama, kaka, na ule mweupe wenye ngazi. Salme aliufuata kwa macho mpaka ukachanganyika na mingine.

"Shemeji, baridi," Villu akasema, akaushika mlango aufunge.

Salme akamwondoa mkono. Akaufunga mwenyewe.